Mstari wa Buluu wa Daktari Gamarra

Ilitangazwa rasmi, kwa vipaza sauti vinne ambavyo viwili kati yake vilifanya kazi, kwamba kuanzia siku hiyo hakuna familia yenye mtoto mlemavu itakayozungushwa tena katika mji wa Villa Tacuaral. Kuzungushwa kumefutwa. Mahali pake umeanzishwa Mzunguko, wa kwanza wa aina yake katika Paraguay nzima.

"Kuna tofauti kubwa," alieleza Daktari Porfirio Gamarra akiwa jukwaani, jasho likimchuruzika ndani ya suti. "Anayezungushwa hajui anakokwenda. Anayefuata Mzunguko anajua."

Watu wakapiga makofi. Watumishi walikuwa wamepewa barua ya kupiga makofi, nakala tatu kila mmoja.

Daktari Gamarra alikuwa Mkurugenzi wa Uratibu wa Huduma Zilizounganishwa kwa Watoto Wenye Ulemavu na Familia Zao. Cheo hicho hakikutosha kwenye kibao cha mlangoni, kwa hiyo maneno "na Familia Zao" yalihamishiwa ukuta wa nyuma, karibu na choo. Udaktari wake ulikuwa wa sheria, kama wa wanasheria wote wa mji ule. Mara moja tu mama mmoja alikosea akamletea mtoto mwenye kikohozi. Daktari alimsikiliza kwa makini, kisha akamshauri akate rufaa.

Tatizo alilokabidhiwa lilikuwa la miaka mingi. Mtoto mlemavu alihudumiwa na ofisi tano, kila moja na kona yake ya mji. Afya ilithibitisha kwamba mtoto ni mlemavu. Usajili ulithibitisha kwamba mtoto ni mtoto. Ustawi wa Jamii ulithibitisha kwamba familia yake ni familia. Elimu ilithibitisha kwamba anafundishika. Mwisho kabisa, ofisi ya Vifaa ilitoa kifaa. Wataalamu kutoka mji mkuu walikuja, wakala chipa, mikate ya jibini ya moto ya kituo cha basi, wakaandika kwamba ofisi hizi lazima ziunganishwe.

Wapo waliopendekeza ziwekwe kwenye jengo moja. Wakuu wa ofisi walikataa, maana kila mmoja alikuwa ameshazoea kipoza hewa chake. Daktari Gamarra akaliwaza jambo hilo kwa miezi kumi na mmoja, halafu akaziunganisha kwa rangi.

Ulikuwa mstari wa buluu, upana wa kiganja, uliochorwa chini kutoka mlango wa Afya hadi mlango wa Vifaa, kilomita nne na ushee. Ulipita sokoni, ukaingia banda la kuku la akina Ayala na kutokea upande wa pili, ukakata uwanja wa mpira. Siku wachoraji walipofika mtaa wa kanisa, palikuwa na lori la matikiti limeegeshwa, na mwenye lori alikuwa anakula. Wachoraji wakalizunguka. Lori liliondoka jioni ile ile. Mstari ukabaki na tumbo katikati ya barabara tupu, na mlinzi akawekwa pale kuhakikisha kwamba kila mama analizunguka lori kama ilivyochorwa.

"Mama akikatiza," Daktari alipenda kusema, "huduma zinatengana."

*

Nje ya makao makuu, chini ya mwavuli wa rangi ya machungwa, alikaa Digna Fretes na kinu chake. Watu walimwita Ña Digna, yaani Bi Digna, kwa heshima ya mkono wake. Kazi yake ilikuwa kutwanga majani na mizizi ya tereré: mchaichai, nanaa, na vingine ambavyo hakumwambia mtu. Alivitia kwenye maji ya barafu, na mnywaji akaenda kuyamimina kidogo kidogo kwenye pembe yenye majani, akafyonza kwa mrija wa chuma. Kwa joto la Februari, mtu asiyekunywa tereré Villa Tacuaral alihesabiwa mgonjwa.

Karibu naye alikaa binti yake Mirna, mwenye miaka tisa. Mirna alizaliwa na miguu isiyomtii na mkono mmoja unaotii ukipenda. Ulimi ulimtii wakati wote. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu alichopewa akiwa na miaka mitano, na magoti yake sasa yalikuwa yamefika kifuani.

"Habari za asubuhi, Ña Digna," alisema Daktari Gamarra siku mbili baada ya uzinduzi.

"Nzuri, Daktari. Leo kichwa au tumbo?"

"Vyote. Ijumaa anakuja Naibu Waziri kutoka Asunción kuuona Mzunguko."

"Basi nakuongezea na ya moyo."

"Daktari," alisema Mirna, "kiti changu kipya kimefika?"

"Kimefika zamani, binti yangu. Kipo Vifaa."

"Najua kipo. Nimekichungulia dirishani. Kimebebeshwa maboksi."

"Kinatunzwa."

"Hata punda anapumzishwa Jumapili, Daktari."

Jambo hilo lilikuwa na maelezo yake. Katika ofisi yote ya Vifaa, kiti cha Mirna ndicho kitu pekee chenye magurudumu, na mafaili ni mazito. Kwa miaka miwili kiti kilikuwa kimesafiri kilomita nyingi kutoka kabati hadi kabati. Faili la Mirna lenyewe lilikuwa limekikalia mara kumi na mbili.

Digna aliacha kutwanga. "Daktari, shule inafunguliwa Jumatatu. Mwalimu mkuu amesema mtoto asipofika amekaa sawasawa mbele ya dawati, nafasi anapewa mwingine. Mwaka juzi ilikuwa hivyo. Mwaka jana hivyo. Akikosa na mwaka huu, amesema wanamfuta kabisa, umri utakuwa umempita."

"Na kinachokwamisha ni nini hasa?"

"Mhuri. Mhuri mmoja unaishi siku thelathini. Mimi kuzimaliza ofisi zote tano ni siku arobaini. Nikifika Vifaa, mhuri wa Afya umeshakufa. Nimezunguka mara nne."

Daktari Gamarra alitafakari. "Hiyo si kasoro. Hiyo ni changamoto ya kalenda. Sasa una mstari."

"Mstari nimeufuata. Kuku wa Ayala wamenidonoa."

"Lakini hukupotea."

"Hapana, Daktari. Sikupotea."

"Unaona?" akasema Daktari, akaridhika.

Saa mbili na nusu alifika Crispín, tarishi wa serikali, mzee mwenye pikipiki nyekundu na kofia ya majani. Alichukua themosi kubwa kutoka kwa Digna, akaifunga nyuma ya pikipiki kwa kamba ya mpira. Ilikuwa kazi yake ya kila asubuhi. Ofisi zote tano zilikunywa kwa themosi hiyo moja, pembe hiyo moja na mrija huo huo, kwa sababu mkono wa Digna ulikuwa mmoja na hakuna aliyefaulu kuuiga. Crispín aliingia Afya, wakanywa. Akaenda Usajili, wakanywa. Akamaliza Vifaa, na baada ya dakika arobaini amerudi. Katika mji ule, themosi ilikuwa kitu pekee kilichopita ofisi zote tano asubuhi moja bila kuulizwa kitambulisho.

"Daktari," alisema Crispín, "lile faili la huyu mtoto naweza kulifunga hapa pamoja na themosi. Njia ni ile ile."

Daktari Gamarra alimtazama kwa huruma. "Mzee wangu, umesahau Waraka Namba Kumi na Saba? Vyombo vya vinywaji visisafirishwe pamoja na nyaraka. Tuliwahi kupata barua yenye alama ya maji. Usiniletee kinywaji kwenye utawala."

"Sawa, bosi," alisema Crispín, akapiga pikipiki teke.

*

Ijumaa Naibu Waziri alifika mapema, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Aliitwa Leocadia Irala, mwanamke mfupi wa miaka sitini, amevaa raba, na mkononi ana kidaftari cha mtoto wa shule.

Daktari Gamarra alikuwa amejiandaa. Kwenye kivuli cha lango alikuwa ameweka Familia ya Mfano: dada yake, na binti wa dada yake, msichana wa miaka saba mwenye afya ya chuma, amefungwa bandeji mguuni na kukalishwa kwenye kiti cha kuazima.

"Huyu, mheshimiwa, ni mnufaika wetu wa kwanza," alianza Daktari.

Mwuza aiskrimu akapita akipiga kengele. Mnufaika akashuka kwenye kiti, akakimbia.

Naibu Waziri alimfuata mtoto kwa macho hadi alipokunja kona.

"Amepona," akasema.

"Mfumo unafanya kazi kwa kasi, mheshimiwa," alisema Daktari Gamarra. Hakuwa mtu wa kushindwa na hali.

Naibu Waziri akageukia mwavuli wa machungwa. "Na yule? Naye ni wa kukimbia?"

"Mimi ni wa kweli, mama," Mirna akamjibu kutoka pale pale. "Sina mjomba serikalini."

Daktari akacheka sana, peke yake. Kisha akafungua ripoti yake yenye jalada la ngozi, akaanza kusoma takwimu. Mafaili yaliyofunguliwa, mia mbili na nne. Mafaili yanayotembea, mia mbili na moja. Mafaili yaliyofungwa bila malalamiko, matatu.

"Hao watatu walipata walichoomba?" aliuliza Naibu Waziri.

"Walifikia hatua ya kutokukihitaji, mheshimiwa."

Digna hakuinua kichwa. Mchi ulikuwa unashuka na kupanda. "Wilfrido wa Ña Petrona," akasema, "alikuwa akisikia pikipiki anacheka mpaka anatokwa machozi. Zunilda Ayala, huyo alikuwa anangojea miwani. Na Anselmo, pacha wa akina Ovelar. Mwenzake yupo bado. Ana faili."

Mchi ukaendelea. Naibu Waziri alifungua kidaftari chake akaandika majina yote matatu. Kwa jina la Zunilda alisimama, akauliza kama limeandikwa sawa. Daktari Gamarra aliona kwamba katika takwimu zake zote, mgeni hakuwa ameandika hata moja.

"Daktari," alisema Naibu Waziri, "huyu mtoto anataka nini?"

"Kiti, mheshimiwa. Kipo. Kinasubiri mihuri tu."

"Basi nionyeshe. Mpeleke kwenye huo Mzunguko wako, apate mihuri, apate kiti. Ofisi zinafungwa saa saba. Mimi nitakaa hapa na mama yake."

"Nitamwita mtumishi amsukume..."

"Msukume wewe. Wewe ndiye unayeujua mstari."

*

Dirisha la Afya lilikuwa karibu, hatua mia mbili tu. Karani wake, Blásida Cañete, alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi, na hakuwahi kuinua macho kumtazama mtu tangu apandishwe cheo.

"Faili hili mihuri yake imekufa," alisema. "Linafunguliwa jipya. Jina la mama?"

"Digna Fretes. Yuko pale chini ya mwavuli."

"Simwoni. Kifungu cha tisa kinasema: kwa madhumuni ya Mzunguko, mama wa mtoto ni yule aliyemfikisha mtoto dirishani."

Daktari Gamarra alikijua kifungu cha tisa. Alikiandika yeye mwenyewe ili kuwakomesha akina mama waliokuwa wakiwatuma shangazi na majirani. Kilikuwa kifungu imara. Alitazama saa: ilikuwa saa nne na robo.

"Andika Gamarra," akasema. "Porfirio. Haraka, Ña Blásida."

"Jinsia ya mama?"

"Iache wazi."

"Haiachwi wazi. Imeshapigwa chapa hapa: mwanamke."

"Basi ibaki."

"Sahihi ya mama hapa. Na hapa. Na hapa, kuahidi kwamba utamtunza."

Akatia sahihi mara tatu. Mhuri ukagongwa. Daktari Gamarra akamgeuza Mirna, akaweka magurudumu mawili upande huu wa rangi na mawili upande ule, wakaanza safari.

Mita mia tatu za kwanza alikwenda vizuri. Kisha alivua koti. Sokoni mstari ulipita chini ya meza ya mwuza jibini, wakalazimika kumwomba ahamishe meza, na mwuza jibini akataka kwanza amalize kumhudumia mteja, ambaye naye alikuwa bado hajaamua.

"Kanyaga pembeni, Daktari," alisema Mirna. "Gurudumu la kulia linavuta. Ukilisukuma moja kwa moja linakwenda mtaroni."

"Mama yako anafanyaje?"

"Anaegemea kushoto na kulaani."

Daktari akaegemea kushoto.

Mtaa wa kanisa, mlinzi akapuliza filimbi. "Wewe! Zunguka lori!"

"Ni mimi, Mkurugenzi."

"Heshima yako, bosi. Lakini ulisema asikatize mtu, hata awe nani. Neno kwa neno. Hata awe nani."

Daktari Gamarra akamsukuma Mirna kuzunguka lori lisilokuwapo. Jua lilikuwa limesimama juu ya utosi. Mirna akapunga mkono hewani upande wa kushoto.

"Unampungia nani?"

"Dereva."

Walifika Usajili saa tano na dakika ishirini. Mlango ulikuwa umefungwa na kikaratasi kimebandikwa: TUNAKUNYWA TERERÉ. Ndani zilisikika sauti za watu wanaolalamika kwamba hawanywi chochote, maana themosi siku hiyo imechelewa, na bila kunywa hawawezi kufungua.

Daktari Gamarra alikaa kwenye ngazi. Alikuwa na mhuri mmoja. Zilibaki ofisi nne, kilomita tatu, na saa moja na dakika arobaini. Kwa mara ya kwanza alifanya hesabu ambayo Digna alikuwa amemfanyia siku ile, na hakuona mahali pa kuweka neno changamoto.

"Tutafika?" aliuliza Mirna.

"Mstari unafika."

"Sijauliza mstari."

Hapo ukasikika mlio wa pikipiki. Crispín alisimama mbele yao, themosi nyuma.

"Lete faili, Daktari. Naibu Waziri amemuuliza Ña Digna ni kitu gani hapa mjini kinachofika ofisi zote tano. Ña Digna akamwonyesha hii. Amesema faili lipande themosi."

"Waraka Namba Kumi na Saba!"

"Nimemsomea wote. Amesema waraka upumzike kidogo, una uchovu."

Daktari Gamarra alilishika faili kifuani. Lilikuwa suala la msingi. Mfumo mzima wa utawala bora ulikuwa umekaa kati ya mikono yake na ile kamba ya mpira. Kisha akamtazama Mirna, ambaye alikuwa amekunja magoti kifuani kama mtu aliyewekwa ndani ya ndoo. Alikuwa anaangalia faili tu.

Akalitoa.

Mlango wa Usajili ukafunguliwa kabla Crispín hajabisha. Kilichotokea ndani, na baadaye Ustawi na Elimu, kilikuwa kile kile: watu wakapokea pembe kwa mkono wa kulia, wakagonga mhuri kwa wa kushoto. Hawakusoma. Hata zamani hawakuwa wakisoma, ila zamani kutosoma huko kulichukua siku nane kila ofisi.

Daktari Gamarra aliendelea kusukuma, maana kiti hakiwezi kutolewa bila mwenye kukikalia. Kuku wa Ayala walimdonoa. Kwenye uwanja wa mpira vijana walisimamisha mchezo wapite, mmoja akauliza kama ni faulo. Saa saba kasoro dakika nane akafika Vifaa, shati limemganda mgongoni, akakuta faili limeshafika na mihuri yote, ya tarehe moja. Mmoja ulikuwa umetiwa duara la maji.

Naibu Waziri na Digna walikuwa wameletwa na gari, wakaingia nyuma yake.

Mtunza stoo alishusha maboksi moja moja kutoka kwenye kiti, kwa majonzi, akiuliza sasa yeye atabebea nini. Kiti kilikuwa kimepimwa kwa mtoto wa miaka saba. Kwa bahati nzuri kiwanda kilichokitengeneza hakikuwa kimeunganishwa na mtu yeyote, kwa hiyo kilikuwa kimefanya kazi yake: miguu ya kiti ilirefuka, mgongo ukapanda, mkanda ukaongezeka. Digna akamwinua binti yake akamkalisha.

Miguu ya Mirna ikashuka. Nyayo zikakaa juu ya kibao. Mgongo ukanyooka, akawa mrefu kuliko watu walivyodhani. Aliweka mikono juu ya meza ya mtunza stoo, akaiangalia ilivyotulia pale.

"Jumatatu," alisema Digna hatimaye. Akafuta macho kwa mkono wenye harufu ya nanaa.

Mtunza stoo akakohoa. "Sahihi ya mama, tafadhali."

Digna akachukua kalamu.

"Si wewe. Mama." Akasoma kwenye faili. "Gamarra, Porfirio. Mwanamke."

Naibu Waziri akaomba faili. Akalisoma ukurasa kwa ukurasa; huenda alikuwa mtu wa kwanza kufanya hivyo.

"Ni kosa dogo la uandishi," alisema Daktari Gamarra. "Linarekebishwa."

"Linarekebishwaje?"

"Mama anaandika barua kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi akiridhia, faili linarudi kwenye Mzunguko, mihuri mitano."

"Na kiti?"

"Kinarudi stoo wakati wa marekebisho."

Naibu Waziri alifunga faili. "Basi hakirudi. Faili lina mihuri mitano halali na sahihi tatu za mama. Mimi ni nani nivunje utaratibu wako, Daktari? Libaki hivyo. Andika barua, tufuate njia." Akamgeukia Crispín. "Mafaili yote mia mbili yaliyobaki yapande themosi kuanzia Jumatatu. Hili lenye jina la Daktari peke yake libaki kwenye mstari. Nataka kuona linavyotembea."

*

Mirna aliingia shule Jumatatu, saa moja kasoro robo asubuhi, akawa wa kwanza darasani. Kufikia wiki ya pili alikuwa ameshatolewa nje mara mbili kwa kuongea.

Kwa mujibu wa kanuni, kila baada ya siku thelathini mama alitakiwa kumleta mtoto dirishani kuthibitisha kwamba ulemavu bado upo. Asipofanya hivyo, kiti kinarudi stoo kubeba maboksi. Digna alijitolea kwenda. Alirudishwa mlangoni: hakuwa kwenye faili. Akaenda zake kwenye kinu. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka minne kuwa na asubuhi nzima ya kwake, na aliitumia kulala.

Kwa hiyo siku ya ishirini na tisa ya mihuri ile, mwezi Machi, Daktari Porfirio Gamarra alikaa kwenye benchi la Afya tangu saa kumi na mbili, katikati ya akina mama wachache waliokuja kuchukua mafaili yaliyoteremka na themosi. Magotini alikuwa na bahasha. Saa nne Blásida akaita:

"Mama wa Mirna Fretes!"

Gamarra akainuka.

"Mtoto yuko wapi?" aliuliza Blásida bila kuinua macho.

"Yuko shule. Nimempitia nyumbani alfajiri, amekataa kuja. Ana mtihani wa hesabu. Amesema niwaambie bado hatembei."

"Amesema. Na mimi nikisema niko Asunción, utaniamini?"

"Ña Blásida, nitazame. Ni mimi."

"Una barua ya kubadilisha jina la mama?"

"Niliandika wiki tatu zilizopita. Hii hapa nakala."

Blásida aliisoma kwa kidole. "Imeelekezwa kwa Mkurugenzi. Amejibu?"

"Mkurugenzi ni mimi!"

"Hapa umeandikwa mama. Mkurugenzi nimempigia simu siku kumi, hapokei. Ofisini hayupo, wanasema anatoka alfajiri, harudi."

"Hapokei kwa sababu yuko hapa! Anazunguka mihuri!"

"Basi ukikutana naye huko, mwambie barua za akina mama zimejaa mezani kwake." Akamrudishia bahasha chini ya kioo. "Kamlete mtoto. Mama gani wewe, unakuja dirishani mikono mitupu?"

Daktari Gamarra alifungua kinywa, akatafuta kifungu. Vilikuwepo vingi. Vyote alivijua kwa namba, na vyote vilikuwa upande wa Blásida.

"Naweza kutunziwa nafasi yangu?" akauliza kwa sauti ndogo. "Ni kilomita mbili mpaka shule."

"Sogea basi, mama," alisema mwanamke wa nyuma yake, akimkalisha mwanawe mahali pale pale alipotoka Daktari. "Wengine tumekuja na watoto."

Foleni nzima ikacheka.